Gitaa la Mwanafunzi na Bisibisi

Mwaka 1956, katika mji wa Fullerton, jimbo la California nchini Marekani, kiwanda cha Leo Fender kilitoa magitaa mawili ya umeme yaliyokusudiwa watu ambao walikuwa bado hawajui kupiga gitaa. La kwanza liliitwa Musicmaster, na lilikuwa na kinasa kimoja tu cha kuipokea sauti ya nyuzi. La pili, Duo-Sonic, lilikuwa na viwili. Jina la lile la kwanza lina kejeli ambayo yumkini hata waliolibuni hawakuikusudia, kwani huyo "bwana wa muziki" ndiye aliyekuwa mnyonge kuliko magitaa yote yaliyotoka kiwandani humo, kwa bei na kwa heshima.

Fender mwenyewe hakuwa mpigaji. Alizaliwa mwaka 1909, akasomea uhasibu, na mwaka 1938 akafungua duka la kutengeneza redio hapo Fullerton. Mtu aliyeifikia ala ya muziki kwa kupitia mlango wa redio huitazama kwa jicho la fundi redio: kila kiungo kinaweza kutolewa, kupimwa na kubadilishwa. Shingo za magitaa yake hazikugandishwa kwa gundi kama ilivyokuwa desturi ya waunda ala wa kale. Zilifungwa kwa skrubu nne. Nyaya za ndani zilifichwa chini ya kibao chembamba ambacho mtu yeyote mwenye bisibisi angeweza kukifungua na kukirudisha kabla chai yake haijapoa. Wala kazi ya ndani haikuwa siri ya bwana mkubwa. Vinasa vilisukwa kwa mikono ya wafanyakazi wa kawaida, wengi wao wanawake, na mmoja wao, Abigail Ybarra, aliyeajiriwa mwaka huohuo wa 1956, alikuja kuheshimiwa na wapigaji kwa jina lake. Historia yote inayofuata imetokana na skrubu hizo na kibao hicho.

Kilichoyatenga magitaa haya mawili na wakubwa wao ni urefu wa uzi unaotetema, yaani ule umbali baina ya kipande cha mfupa kilichoko juu ya shingo na daraja lililoko kwenye kiwiliwili. Katika Telecaster na Stratocaster umbali huo ni inchi 25 na nusu, karibu sentimita 64.8. Katika magitaa ya wanafunzi ulipunguzwa hadi inchi 22 na nusu, sentimita 57 na kidogo. Nafasi ya freti ya kwanza, ambayo kwenye gitaa kubwa ina sentimita 3.6, hapa ilibaki 3.2. Milimita nne ni kitu gani? Kwa mtu mzima si kitu. Kwa mtoto wa miaka kumi anayejaribu kuzilaza nyuzi sita chini ya kidole kimoja, ndizo zinazoamua kama kesho atarudi darasani. Wapigaji udi hawatalistaajabia jambo hili: udi wa Kiarabu aghalabu huwa na uzi wa sentimita 60 hivi, na hajatokea mtu akauita ala ya watoto.

Ufupi huo lakini hubadili zaidi ya nafasi za vidole. Uzi uleule, ukitakiwa utoe sauti ileile, huhitaji kuvutwa kwa nguvu ndogo kadiri unavyofupishwa, na nguvu hiyo hupungua kwa mraba wa urefu. Uzi mwembamba wa unene wa inchi 0.010 uliofungwa kwenye gitaa la inchi 25 na nusu huvutwa kwa nguvu ya kilo 7.3 hivi. Kwenye gitaa la inchi 24 nguvu hiyo hushuka hadi kilo 6.5, na kwenye la inchi 22 na nusu hadi kilo 5.7. Kwa kidole hiyo ni rehema. Kwa sikio ni jambo jingine: uzi uliolegea hutetema kwa upana zaidi, hugonga freti, sauti yake hupanda kila kidole kinapokandamiza kwa pupa, na mlio mzima huwa wa mviringo, usio na ule ukali wa kengele ambao gitaa refu huutoa.

Ndipo lilipo fumbo ambalo wengi hulipita bila ya kuligusa. Nyuzi za miaka ya 1950 zilikuwa nene, na uzi wa tatu ulikuwa mgumu kiasi cha kumtoa machozi anayeanza. Katika Tarzana, si mbali na Fullerton, mwenye duka aliyeitwa Ernie Ball aliona wanafunzi wakishindwa na uzi huo. Akawaendea Fender akawaomba wamtengenezee seti nyepesi zaidi, hawakukubali. Basi akazifanyiza mwenyewe, na mwaka 1962 nyuzi zake nyembamba zikaanza kuuzwa. Zilienea mno hata wapigaji wakubwa wakaziacha zile za zamani. Tazama basi: taabu ilikuwa moja, kidole cha mwanafunzi. Fender aliitibu kwa kuufupisha uzi. Ball akaitibu kwa kuukonda. Kila dawa peke yake ilifaa. Zilipokutana mwilini mwa mgonjwa mmoja, yaani nyuzi nyembamba zilipofungwa kwenye gitaa fupi, gitaa likalegea kama kamba ya nguo, na lawama yote ikaangukia gitaa. Sehemu kubwa ya sifa mbaya ya magitaa haya, tangu siku hizo hadi leo, ni matokeo ya dozi mbili zilizomezwa pamoja.

Mwezi wa Februari 1964 Beatles walionekana katika televisheni ya Marekani na kutazamwa na watu wapatao milioni 73, na kwa muda mfupi kila nyumba yenye kijana ilitaka gitaa. Mwezi wa Agosti mwaka huohuo Fender walitoa Mustang, ambalo lilikuwa Duo-Sonic lililoongezewa mambo. Mnunuzi aliweza kuchagua inchi 22 na nusu au inchi 24, na ni hizo 24 zilizopendwa. Zilikwisha kutumika tangu 1962 katika Jaguar, gitaa la bei ya juu ambalo hakuna aliyelidharau kwa ufupi wake. Haya ni mambo ya kibinadamu tu: urefu uleule kwenye gitaa la ghali ni wepesi, kwenye la rahisi ni kasoro.

Mustang ni ala ya ajabu, na inafaa kuikagua polepole. Kila kinasa kilipewa swichi yake ya kusukumwa yenye vituo vitatu. Katikati kinasa kimezimwa. Pande mbili kimewashwa, ila upande mmoja huugeuza mkondo wake wa umeme uende kinyume. Vinasa viwili vikiwashwa katika hali ya kupingana, sehemu kubwa ya sauti nene hufutana, ikabaki sauti nyembamba ya puani, mfano wa mtu anayezungumza ndani ya kopo. Kulikuwa na mkono wa kuzitetemesha nyuzi, ambao Leo Fender aliubuni kwa ajili ya gitaa hili. Nao ulihitaji daraja lisilokazwa: lilisimama kwa miguu miwili ndani ya vikombe vya chuma, likiyumba mbele na nyuma mkono unapokandamizwa. Likienda sawa na kurudi sawa, gitaa hubaki katika sauti yake. Likirudi pungufu kidogo, nyuzi zote sita huwa zimepotoka, na mpigaji hana la kufanya ila kusimama katikati ya wimbo. Kumpa anayeanza chombo chenye mitambo mingi namna hiyo, ilhali hajajua hata kukiweka sawa kwa masikio yake, ni ukarimu uliokosa busara.

Miezi mitano baadaye, Januari 1965, kampuni ya CBS iliinunua Fender kwa dola milioni 13. Magitaa ya wanafunzi yaliendelea kutoka kwa wingi. Mwaka 1969 Mustang zikapakwa mistari kama ya magari ya mashindano. Wapigaji wa jukwaani hawakuyashika kwa hiari. Jimi Hendrix alipiga Duo-Sonic katikati ya miaka ya 1960, siku alipokuwa bado mpigaji wa nyuma wa wenzake, na alipopata jina na pesa akashika Stratocaster. Hiyo ndiyo njia iliyotarajiwa: mtu huanzia kwenye gitaa fupi, kisha hupanda. Mwaka 1982 Mustang ikaondolewa kabisa katika orodha ya kiwanda, na hakuna aliyeandika tanzia.

Baada ya hapo makazi yake yakawa maduka ya rehani. Kitu kilichonunuliwa kwa ajili ya mtoto, mtoto akakua akakiacha, kilirudi sokoni kwa bei ya chini ya thamani yake, na kikawakuta watu ambao wasingeweza kununua kingine. Katika miaka ya 1980 vijana wa Seattle na miji ya jirani yake, pamoja na wenzao wa New York, walikuwa wakikusanya magitaa ya Fender yaliyotupwa na mitindo. Bei ile ya chini iliwapa jambo ambalo mwenye Stratocaster ya mwaka 1954 hana, nalo ni kutoogopa. Gitaa la thamani humfanya mwenyewe kuwa mlinzi wake. Gitaa la rehani lilifunguliwa, likatobolewa, likabadilishwa kinasa, likapakwa rangi jikoni, na lililoharibika likawa akiba ya vipuri kwa jingine. Majaribio hayo hayakufanywa na mafundi, na mengi yalikuwa mabaya. Lakini ndimo zilimozaliwa zile sauti ambazo miaka kumi baadaye zilisikika duniani kote.

Kurt Cobain wa Aberdeen, jimbo la Washington, alikuwa akipiga kwa mkono wa kushoto, na magitaa ya mkono wa kushoto ni adimu kila mahali. Mustang yake ya buluu ya mwaka 1969, yenye mistari ya mashindano, ilionekana katika filamu ya wimbo wa kundi lake Nirvana uliotoka mwaka 1991, na tangu hapo dharau ikageuka kuwa tamaa. Waliokuwa wakiliuza gitaa hilo kwa bei ya kulitupa wakaanza kuliweka dirishani.

Ni rahisi kusema kwamba matoleo mapya yalikuja kwa sababu ya wimbo huo, na hivyo ndivyo husemwa mara nyingi. Tarehe hazikubali. Kufikia mwaka 1990 Mustang ilikwisha kutengenezwa upya, na haikutengenezwa Marekani. Mwaka 1982, mwaka uleule ilipofutwa huko kwao, Fender walianzisha kampuni ya ubia nchini Japani, na kazi ikapewa kiwanda cha FujiGen katika mji wa Matsumoto. Wajapani hawakuwa na dharau ya Wamarekani juu ya gitaa fupi. Tangu katikati ya miaka ya 1970 mpigaji wao mashuhuri anayejulikana kwa jina la Char alikuwa amelipanda jukwaani Mustang bila ya kuomba radhi, na vijana wa huko walilijua kuwa gitaa la bingwa kabla hawajaambiwa kwamba ni la mwanafunzi. Kwa hiyo ala iliyotupwa na wenyewe iliokotwa na wageni, ikapimwa kwa milimita, ikanakiliwa, ikarudishwa kwa wenyewe ikiwa na hadhi mpya. Si mara ya kwanza kwa jambo kama hilo kutokea katika historia ya sanaa, na wafasiri wanalijua vyema.

Kunakili nako kuna maswali yake. Anayetoa upya mswada wa kale hukutana na makosa ya mnakili wa kwanza, naye hana budi kuamua: ayasahihishe, au ayaache kwa kuwa ni sehemu ya maandishi? Mafundi wa Japani waliyaacha. Daraja liliyumba kama lilivyoyumba mwaka 1969. Swichi zilikuwa vilevile mahali ambapo mkono wa mpigaji, ukishuka kwa nguvu, huweza kuzigusa na kuizima sauti. Uaminifu huo unastahili sifa, ila ulizaa tatizo la pili: aliyenunua toleo jipya alinunua pia kasoro zilizokwisha kutatuliwa na watu wa maduka ya rehani miaka mingi nyuma. Akahitaji bisibisi siku ya kwanza.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa hata kwa Cobain. Mwaka 1993 alipohitaji Mustang nyingi kwa ajili ya safari za albamu ya In Utero, zilipatikana mpya za mkono wa kushoto, matoleo ya marejeo yaliyotoka Japani. Fundi wake Earnie Bailey hakuziacha zilivyo. Kinasa cha karibu na daraja kikatolewa, na mahali pake kikawekwa chenye koili mbili cha Seymour Duncan, kisichopokea mvumo wa umeme na chenye nguvu zaidi. Daraja linaloyumba likaondolewa, likawekwa jingine lililo imara. Mkono wa mtetemo ukazuiwa usisogee. Yaani karibu kila kitu kilichoifanya Mustang iwe Mustang mwaka 1964 kilinyamazishwa, ukabaki ufupi wa uzi na umbo. Katika siku hizohizo Cobain aliunganisha nusu ya picha ya Jaguar na nusu ya picha ya Mustang akawapelekea Fender. Gitaa lililotokana na picha hiyo, Jag-Stang, lilitengenezwa Japani na kuuzwa baada ya kifo chake cha Aprili 1994.

Yaliyofuata yanachekesha na yanatia huzuni kwa pamoja. Mwaka 2012 Fender walitoa Mustang yenye jina la Cobain, ikiwa tayari na kinasa cha koili mbili na daraja lisiloyumba: marekebisho ya mtu yaliyofanywa juu ya nakala yakawa nayo yamenakiliwa. Mwezi wa Mei 2022 ile ya buluu iliuzwa mnadani kwa zaidi ya dola milioni nne na nusu. Na Novemba 2023 mojawapo ya zile za Japani za mwaka 1993, aliyoipiga katika onyesho la mwisho la Nirvana mjini Munich tarehe 1 Machi 1994, iliuzwa kwa zaidi ya dola milioni moja na nusu. Nakala imekuwa masalia matakatifu. Hakuna tena mkono utakaoifungua kwa bisibisi ili kuona kama itasikika vizuri zaidi, na kwa ala ambayo maisha yake yote ilikuwa ya kufunguliwa, hiyo ni aina ya kifo.

Kazi hiyo sasa imeachiwa matoleo ya bei nafuu. Fender walilinunua jina la Squier mwaka 1965, lililokuwa la kampuni ya nyuzi ya Battle Creek, jimbo la Michigan, na tangu 1982 wamelitumia kwa magitaa yao ya gharama ndogo. Duo-Sonic ilirudi mwaka 1993 kutoka kiwanda cha Ensenada, Meksiko. Mwaka 2017 Squier walitoa Mustang nyepesi isiyo na mkono wa mtetemo, yenye daraja lililokazwa na vinasa vya koili mbili. Na mwaka 2019 nyingine, iliyotengenezwa Indonesia, yenye swichi zote za kale, mkono wake na daraja lake la kuyumba. Mtu aliyeziweka mbili hizo pamoja angeona mabishano ya miaka hamsini yamelazwa juu ya meza moja: hii imetii maandishi, ile imewatii wasomaji.

Anayelijaribu gitaa la namna hii kwa mara ya kwanza hafanyi vibaya akianza bila ya amplifaya. Sauti kavu haina wa kumtetea. Husogeza jicho hadi mwisho wa shingo, akaitazama kwa urefu kama seremala anavyotazama ubao, kuona kama imepinda. Hupiga kila uzi katika kila freti, akisikiliza palipo na mkwaruzo. Hukaza uzi polepole, na akisikia mlio mdogo wa kudunda kule juu ya shingo hujua kwamba mfereji wa ule mfupa ni mwembamba na uzi unanasa. Risasi ya penseli iliyopakwa ndani ya mfereji mara nyingi hutosha. Hukandamiza mkono wa mtetemo, akauachia, akasikiliza kama sauti imerudi nyumbani. Mengi ambayo wauzaji huyaita ubora wa kiwanda yanajulikana katika dakika hizo kumi, na gharama yake ni masikio tu.

Dawa ya kwanza ni kuitoa ile dozi ya pili. Magitaa ya bei nafuu aghalabu hutoka kiwandani na nyuzi nyembamba, kwa kuwa mnunuzi wa dukani hupenda ulaini. Zikitolewa na kufungwa seti inayoanzia 0.011, uzi wa kwanza wa gitaa la inchi 24 hurudi kwenye mvutano wa karibu kilo 7.9, zaidi kidogo ya ule wa 0.010 kwenye Stratocaster, na gitaa lililokuwa likinung'unika husimama wima. Mifereji ya mfupa itahitaji kupanuliwa kidogo kwa tupa nyembamba, na daraja kupangwa upya ili sauti za freti za juu zisipotoke. Hapo wengi wangeweza kuishia, na wangekuwa wamelirudisha gitaa karibu na nia ya mwaka 1964 kuliko kiwanda chenyewe kilivyolirudisha.

Likibaki tatizo la daraja, kuna kabari. Kipande chembamba kikiwekwa chini ya kisigino cha shingo huiinamisha shingo nyuma kidogo. Daraja hapo hulazimika kuinuliwa, nyuzi hulikandamiza kwa pembe kali zaidi, nazo huacha kuruka kutoka mahali pake. Miguu ya daraja ikizungushiwa utepe hadi ikae kwa kubana ndani ya vikombe, kuyumba hupungua au hukoma. Vinasa vya kiwandani vinaweza kubadilishwa kwa kulehemu nyaya mbili au tatu. Hakuna katika hayo kisichoweza kurudishwa kilivyokuwa. Patasi ndiyo mpaka: kinasa cha koili mbili kikiwa kipana kuliko nafasi yake, mbao lazima ichimbwe, na mbao iliyochimbwa hairudi.

Wapo wanaouona upasuaji huu kuwa ni ukosefu wa adabu kwa urithi, na hoja yao si ya kupuuzwa. Mustang za miaka ya 1960 zilizochimbwa kwa patasi katika maduka ya rehani ni nyingi, na kila moja ni ushahidi uliopotea wa jinsi watu wa Fullerton walivyofanya kazi. Ila hoja hiyo inaihusu ala ya kwanza. Kuihamishia kwenye toleo la Indonesia la mwaka 2019, ambalo ndugu zake waliofanana nalo ni maelfu, ni kuchanganya mswada na nakala ya sokoni. Msomaji hachorichori pembezoni mwa mswada. Kitabu chake mwenyewe, alichokinunua kwa pesa zake, pembezoni mwake ni mali yake.

Hata hivyo mkono una kumbukumbu ya woga wake. Anayelifungua gitaa la bei nafuu, hata akijua kwamba hakuna mnada utakaoliulizia, hukitoa kinasa cha kiwandani kwa uangalifu, hukizungushia kitambaa, huzifunga skrubu zake ndani ya karatasi na kuandika juu yake zilikuwa za wapi, kisha huviweka vyote ndani ya kopo la biskuti kando ya daraja la zamani, asije akahitajika siku moja kulirudisha gitaa lilivyokuwa.